Ngolo za Chini ya Maji

Simu yangu ni kitochi, na laini yake sijaibadilisha tangu niliponunua simu ya kwanza. Sisemi hivyo kwa kujisifu, ni uvivu tu wa kubadili vitu. Lakini watoto wa ukoo wetu hapa Mapera, waliokuwa wakienda vyuoni mmoja baada ya mwingine, wao kila mwaka walikuwa na namba mpya. Basi walipofika kwenye ile sehemu ya fomu inayotaka mtu wa karibu anayepatikana muda wote, waliandika namba yangu. Hawakuniambia. Nilijua siku simu zilipoanza kuingia.

Ya kwanza ilinikuta shambani. "Shikamoo mzee. Napiga kutoka chuo alichosoma kijana wako. Tunawafuatilia wahitimu wetu, tujue walipo na wanafanya nini tangu wamalize."

Mimi nimeishia darasa la saba. Nilikuwa nadhani mtu akishapewa cheti chuo kinamsahau, kama kondakta anavyomsahau abiria aliyeshuka. Kumbe kuna mtu amewekwa kwenye kiti, ana meza na orodha, na kazi yake ni kuuliza: yule mtoto alifika? Nilisimama kati ya mibuni nimeishika simu kwa mikono miwili. Kwa mwenye elimu labda ni jambo la kawaida. Jioni yake niliandika katika daftari langu kwamba nimeona jambo kubwa, kisha nikafuta neno kubwa, kisha nikalirudisha.

Nilijibu nilivyojua, na si mara zote nilijua. Kijana mmoja wa ukoo alisomea ualimu na sasa yuko Ngaka kwenye makaa ya mawe. Dada wa chuo alipouliza kama kazi yake inahusiana na alichosomea, nikasema ndiyo, maana mama yake alikuwa amenihakikishia kwamba huko mgodini anafundisha. Nilipokutana naye mwenyewe Mbinga mjini akanieleza kwamba anakaa getini akiandika malori yanayotoka. Sikulala vizuri. Asubuhi nikapiga chuoni kusahihisha. Kijana aliposikia akanijia juu: "Baba mdogo, yaani umenishusha cheo kwa simu, tena kwa vocha yako!" Alicheka, lakini nusu. Sijui hadi leo kama nilitenda haki. Nilijiwekea sharti kwamba sitajibu tena habari ya mtu ambayo sijaiona.

Ndipo, mwezi wa Machi, ikaulizwa habari ya binti wa kaka yangu.

Huyu alikuwa msichana wa kwanza wa ukoo wetu kupata digrii. Alisomea mambo ya samaki na maji, na sisi watu wa milimani tulishangaa kidogo, lakini tulimpigia vigelegele kanisani. Alipomaliza alipata kazi ya ukarani kwenye ghala la kahawa Mbinga. Wakulima wote wa upande wetu walimwona dirishani msimu ule, na kaka alikuwa akipita pale hata asipokuwa na gunia. Watu wakimwambia, "Binti yako ametupokea vizuri," anainama kidogo kama anayetafuta kitu chini. Msimu ulipoisha binti aliacha kazi. Akaondoka. Baadaye mama mmoja mchuuzi wa dagaa wa Ziwa Nyasa akatuambia sokoni, "Yule wenu yuko Lundo, anaanika usipa pamoja nasi." Kaka tangu hapo hakulitaja jina lake, na binti hakuja nyumbani. Ilikuwa inaingia miaka miwili.

"Mzee, huyu nimemtafuta kwa kila namna," alisema dada wa chuo. "Ijumaa ya wiki ijayo nafunga orodha. Nisipopata jibu namwandika hajapatikana."

Nilimwomba asifunge kabla hajanipigia. Jumapili, baada ya misa, nikalipeleka kwenye sengu. Sengu ni wanaume wa ukoo kula pamoja na kuzungumza mambo ya nyumba zetu. Zamani ilikuwa kila siku, siku hizi ni Jumapili, na wengine huja wakiwa wameshiba.

"Simu yako sasa ni posta," alisema mkubwa wetu. "Bado bendera tu."

Wakacheka. Kaka hakucheka. Alinawa mikono polepole, akasema, "Waambie hajapatikana."

"Kaka, alipo panajulikana."

"Panajulikana na nani? Amekuja hapa akasema, baba, niko mahali fulani, nafanya jambo fulani? Mimi ninachojua nimekipata kwa muuza samaki. Wewe si unapenda haki? Basi waambie haki. Hajapatikana."

Niseme na upande wake. Hakuwa anasema uongo. Mtoto hakuja, wala hakutuma neno, na mtu aliyelala njaa ili mwanawe asome ana haki ya kuambiwa na mwanawe mwenyewe. Lakini lile neno liliniingia vibaya. Nilimfikiria yule binti ameandikwa kwenye kitabu cha chuo, kitabu kitakachokaa baada yetu sote, na mbele ya jina lake pameandikwa kama mtu aliyezama. Na iliyoyathibitisha hayo ni namba yangu.

Jumanne nilipanda gari la asubuhi kwenda Mbamba Bay. Mama watoto alinitazama nikivaa koti juu ya sweta akasema, "Unashuka ziwani, si unapanda mbinguni. Utaiva."

Ziwani nilikuwa nimefika mara moja tu, kwa msiba, na siku ya msiba mtu haangalii maji. Kwa hiyo gari lilipokata kona za kuteremka nikamwuliza jirani yangu ule ukungu utaondoka saa ngapi. Akanitazama vizuri. "Mzee, ule si ukungu. Ndiyo lenyewe." Kitu cha ukubwa ule kiko jirani na shamba langu la kahawa miaka yote, na mimi ninaandika daftari kila siku kuhusu mvua na kuku.

Kutoka pale bodaboda ikanifikisha Lundo. Nilimwuliza mama aliyekuwa akisuka mkeka. "Yule Mmatengo wa madaftari? Yuko kule kwenye vichanja."

Nikamwona. Alikuwa amefunga khanga kiunoni, anageuza usipa juu ya kichanja kwa viganja, upesi, kama wanawake wenzake. Aliponiona aliweka mikono kifuani.

"Baba mdogo! Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimetumwa na chuo chako."

Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akakumbuka. "Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu."

Tulikula ugali wa muhogo na usipa kabla jua halijazama, nje, mlangoni kwake. Nilimweleza habari ya dada wa chuo na maneno ya sengu, yote, hata yale ya baba yake, maana kupunguza ni namna ya kudanganya. Alisikiliza akichambua miiba, na usipa hawachambuliwi miiba.

"Kwa nini uliacha ghala?" nikauliza.

"Sikugombana na mtu. Nilikuwa naandika magunia, na kila nikiandika gunia nilifikiri huku chini hakuna mtu anayeandika. Maji yamepanda, yameshuka, samaki gani wamekuja, gani hawaji tena. Wazee wanajua, ila wanakufa nayo. Nikasema nije mwezi mmoja."

"Na anayekulipa ni nani?"

"Hakuna. Ninaishi kwa usipa." Alinitazama machoni. "Nakuambia ukweli, baba mdogo, kwa sababu najua utaandika. Usipa ndiyo kazi. Hiyo nyingine sijui jina lake."

Nilimwambia usipa wake ni mtamu.

Asubuhi alinichukua kwa mtumbwi. Mwenye mtumbwi alikuwa mvuvi mzee wa pale, Mnyasa mwenye mdomo.

"Mgeni akae katikati," alisema. "Mmatengo akiinama, mtumbwi nao unaitikia. Huko kwenu mnaogelea wapi, kwenye mahindi?"

"Kwetu hatuhitaji kuogelea," nikamjibu. "Ardhi yetu haivuji."

Akafurahi sana, akalirudia jibu langu kwa kila mtumbwi tuliokutana nao.

Tulikwenda mbali na mdomo wa mto, mahali ambapo maji hayana tope, tukaacha kupiga kasia. Binti akasema, "Sasa tazama chini. Usitazame maji, tazama kupitia maji."

Mwanzoni niliona uso wangu. Kisha uso ukaondoka, nikaona mchanga, chini sana, ukiwa mweupe kama unga. Na juu ya mchanga ule palikuwa na ngolo.

Nieleze kwa asiyezijua. Ngolo ndicho kilimo chetu cha mlimani. Unafyeka majani, unayalaza kwa mistari inayokatana kama wavu, kisha unachimba katikati ya kila chumba cha wavu na udongo wake unaufunika juu ya majani. Yanabaki mashimo yenye matuta pande zote, shimo kwa shimo, mlima mzima, na mvua inyeshe itakavyo udongo hauondoki. Tulirithi kwa babu zetu. Nilijua kabisa kwamba hakuna kiumbe kingine duniani kinachofanya hivyo.

Na sasa nilikuwa nazitazama chini ya ziwa. Mashimo ya duara, moja pembeni ya jingine, yenye kingo zilizoinuliwa, yanakwenda mpaka macho yangu yalipoishia. Katikati ya kila shimo palikuwa na samaki mmoja, mweusi wa samawati, anazunguka. Mmoja nilimwona akiinama, akachota mchanga kwa mdomo, akaenda nao hadi ukingoni, akautema. Akarudi. Akachota tena. Kama mtu mwenye jembe dogo na siku ndefu.

"Nani amewafundisha?" nikauliza. Najua lilikuwa swali la kitoto.

"Hilo ndilo hata mimi sijui," alisema binti. "Dume ndiye anachimba. Jike anakuja, anataga shimoni, kisha anayachukua mayai yote mdomoni mwake. Anakaa nayo humo mpaka yaanguliwe. Watoto wakitoka kucheza, akiona kivuli, anafungua mdomo na wote wanarudi ndani."

"Na anakula saa ngapi akiwa nao mdomoni?"

"Hali, baba mdogo."

Yule mvuvi mzee, ambaye hakuwa amenyamaza tangu tutoke ufukweni, alikuwa amenyamaza. Alinong'ona tu kwamba zamani walikuwa wakipitisha kokoro, ule wavu wa kukokota, pale pale, na lilikuwa linafagia kila kitu, na huyu binti alikuja na madaftari yake akawaonyesha mwezi kwa mwezi mashimo yanavyopungua. "Tulimwambia, wewe mtu wa mlimani unajua nini. Akasema, mimi najua mashimo. Kwetu watu wanaishi kwa mashimo." Sasa hawapitishi kokoro hapo. Wengine bado wanamnung'unikia, na mzee hakulificha hilo.

Binti alikuwa ameshatoa kauntabuku, anaandika. Nikaona safu zake: siku, upepo, maji yamefika jiwe lipi, mashimo mangapi. Jina la samaki wale kwa Kinyasa niliambiwa, nikaliandika vibaya, sitalirudia hapa. Mkono wake wa kuandika ni ule ule aliokuwa nao akiwa darasa la nne, herufi zimelala kidogo, na nadhani aliurithi kwa baba yake, aliyefika darasa la tano.

Tuliporudi nchi kavu nikamwambia, "Mwanangu, nipe namba yako. Nitampa dada wa chuo, ujibu mwenyewe. Mimi si wa kukusemea."

Alisugua dole gumba kwenye ukingo wa daftari.

"Namba nitakupa, lakini si ya chuo. Umpe baba, kama ataiomba. Na chuo kikipiga, ajibu baba."

"Amesema hajapatikana."

"Basi akisema hajapatikana, sijapatikana." Hakusema kwa hasira. "Wewe ulikuja ukaona. Yeye naye nataka aulizwe niko wapi, aseme kwa mdomo wake. Sikuja nyumbani kwa sababu sikuwa na neno la kumwambia, baba mdogo. Nilikuwa na mashimo tu."

Alinifungia usipa kwenye mfuko, akaandika namba kwenye kikaratasi. Njiani kurudi nilikishikashika mfukoni hadi kikalegea kwa jasho.

Alhamisi nilimkuta kaka mlimani anachimba ngolo. Nikashika jembe nami nikaanza mstari wa chini yake, kwa kuwa kaka husikia vizuri zaidi akiwa anafanya kazi. Nikamwambia nimetoka Lundo. Hakugeuka. Nikamwambia nilichokiona chini ya maji.

Jembe lake likasimama.

"Ngolo?"

"Ngolo."

"Mashimo tu, au yana matuta?"

"Yana matuta pande zote."

"Yamepangwa?"

"Yamepangwa kuliko haya yako ya leo."

Aliangalia mstari wake, akaurekebisha kwa mguu. "Majani wanatoa wapi?"

"Hawatumii majani. Wanachota mchanga kwa mdomo."

"Uongo," alisema, akaendelea kulima. Baada ya kama vyumba vinne akasema tena, "Uongo." Baadaye nikamweleza habari ya jike na mayai. Akauliza swali lile lile nililouliza mimi, na nikampa jibu nililopewa.

"Hali?"

"Hali."

Tukamaliza mstari. Ndipo nikamwambia kuhusu Ijumaa, na kwamba binti ameomba yeye ndiye ajibu. Nilitaka kuongeza maneno, nikajizuia. Kama ningemlainisha, jibu lingekuwa langu. Usipa nilimwachia kwenye kisiki. Nilipogeuka bondeni, mfuko ulikuwa bado uko pale pale.

Ijumaa saa mbili asubuhi alikuwa kwangu. Alisema amekuja kuazima jembe. Jembe lake lilikuwa begani.

Tulikaa. Mama watoto alileta chai. Saa nne simu ikaita.

"Shikamoo mzee, umenipatia jibu la yule binti?"

"Mwenye jibu ninaye hapa," nikasema, nikampa kaka. Aliipokea kama mtu aliyepewa kifaranga. Nilibonyeza sauti itoke nje.

"Wewe ni nani yake, mzee?"

Kuku alipita kati yetu.

"Mimi ni baba yake."

"Yuko wapi kwa sasa?"

"Lundo. Ziwani."

"Naomba unisaidie. Ameajiriwa, amejiajiri, anaendelea na masomo, au hana kazi?"

Kaka alinitazama. Nikatazama kikombe changu.

"Anaanika usipa, anauza," alisema. Nikadhani amemaliza. Akapumua, akakisogeza kitochi karibu zaidi na mdomo. "Na anaandika ziwa. Kila siku. Anahesabu ngolo za samaki."

"Anahesabu nini, mzee?"

"Ngolo. Mashimo. Samaki wanachimba huko chini, yamepangwa, yana matuta. Ninyi hamkumfundisha hayo?"

Dada alicheka, lakini si kicheko cha dharau, nilisikiliza vizuri. "Labda tulimfundisha nusu. Sasa hapa niandike nini?"

"Mimi sijui vitabu vyenu, mwanangu. Lakini nimeambiwa kuna neno mnaliandika kwa mtu asiyejulikana alipo."

"Hajapatikana."

"Hilo usiandike."

"Siandiki, mzee."

Tukasikia vidole vyake vikigonga mashine, muda mrefu kuliko nilivyozoea. Aliandika nini sijui. Sikuuliza, na najuta kidogo, maana daftari langu lina pengo hapo.

Simu ilipokatika kaka alikaa nayo mkononi. Kisha akasema, bila kunitazama, "Yeye ana namba?"

Kikaratasi kilikuwa kimechakaa, tarakimu moja sikuwa na hakika kama ni moja au saba, nikamwambia hivyo. "Andika zote mbili," akasema. Akainamisha jembe, nikamwandikia kwa kalamu kwenye mpini, mara mbili, moja juu ya nyingine. Akaliweka begani, mpini mbele aweze kuuona, akaondoka bila kuazima la kwangu.

Jioni nilipita kwake. Hakuwepo, ametoka kukata majani ya mbuzi. Kwenye mlango wa stoo ya kahawa, kwa mkaa, kwa herufi zilizolala kidogo, zilikuwa zimeandikwa zile namba mbili. Ile yenye saba ilikuwa imekatwa kwa mstari, kama namba iliyopigwa ikapokewa na mtu mwingine. Na juu ya namba hizo alikuwa ametundika gunia tupu zisilowe, kwa kuwa upande ule ndiko mvua inakotokea.